Mchezo wa Pete na Waya

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lenye viboko, karibu na mlima Kwaraa, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Kama ilivyo katika miji mingine, mafundi wa redio huko huwa na makopo yaliyojaa vipande vya redio zilizokufa. Mtu asiyejua huviona kuwa takataka. Lakini mtoto mwenye mikono mizuri aweza kutengeneza kwa vipande hivyo mchezo wa ustadi.

Mchezo wenyewe ni huu. Waya mnene wa shaba hukunjwa mfano wa nyoka, na ncha zake mbili husimamishwa juu ya ubao. Mchezaji hushika kijiti chenye pete ya waya, na pete hiyo imeuzunguka ule waya mnene. Kazi yake ni kuipitisha pete toka ncha hii hata ncha ya pili bila kugusa. Akigusa, ameshindwa, na zamu ni ya mwenzake.

Lakini ni nani atakayeamua kwamba amegusa? Hapo ndipo ugomvi huanza, na hapo ndipo umeme hutakiwa uwe shahidi.

Njia nyepesi ni kufunga upande mmoja wa betri kwenye waya, upande wa pili kwenye taa ya tochi, na taa kwenye pete. Pete ikigusa waya, njia ya umeme hutimia, na taa huwaka. Wengi huishia hapo, kisha hustaajabu kuona ugomvi haukwisha. Maana mkono ukitetemeka, pete hugusa kwa kitambo kidogo mno, pengine sehemu chache za elfu za sekunde. Ule uzi mwembamba uliomo ndani ya taa hauwahi kupata moto, basi taa haing'ai. Mmoja asema, "Umegusa, nimesikia!" Mwenzake aapa kwamba hakugusa. Shahidi alikuwa amesinzia.

Basi hutakiwa chombo cha kukumbuka, nacho ni kapasita, kile kikopo kidogo chenye miguu miwili. Kazi yake ni kuweka akiba ya umeme, kama mtungi uwekavyo maji. Mtungi wenye mdomo mpana na tundu dogo chini hujaa mara moja, nao huvuja polepole. Ndivyo itakavyokuwa hapa.

Betri nne za tochi, kila moja volti 1.5, hupangwa mfululizo kupata volti 6. Chanya ya betri hufungwa kwenye waya wa nyoka. Kutoka kwenye pete umeme hupita katika rezista ya omu 10, huingia mguu wa chanya wa kapasita ya mikrofaradi 100, na mguu wa hasi wa kapasita hurudi kwenye hasi ya betri. Sasa hesabu ni rahisi: omu zikizidishwa kwa faradi hutoa sekunde. Mikrofaradi 100 ni faradi 0.0001, kwa omu 10 jibu ni sekunde 0.001. Katika muda huo mfupi kapasita hujaa karibu theluthi mbili.

Njia ya kutokea ni nyingine. Umeme wa kapasita hupita katika rezista ya omu 10,000 kwenda kwenye transista. Hesabu ile ile hutoa sekunde 1, yaani polepole mara elfu kuliko ulivyoingia.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, katika maabara ya Bell. Hapa hutakiwa ile ya aina ya NPN. Ina miguu mitatu: mmoja huingiza mkondo mkubwa, mmoja huutoa, na wa tatu ni wa kuamuru. Umeme kidogo ukiingia mguu wa kuamuru, mkondo mkubwa hufunguliwa njia. Basi ile rezista kubwa hufungwa kwenye mguu wa kuamuru. Mguu wa kutolea huenda hasi. Na kati ya chanya na mguu wa kuingizia huwekwa kile kidude kiliacho, ambacho mafundi hukiita baza. Pete ikigusa japo kidogo, baza hulia karibu sekunde nzima, na kila mtu aliyepo husikia. Mpangilio wa miguu si mmoja kwa transista zote, kwa hiyo hapana budi kumwuliza fundi.

Waya uliotolewa katika transfoma una rangi ya kuzuia umeme. Usipokwanguliwa kwa wembe, mchezaji atagusa mchana kutwa na baza isilie. Kapasita ikigeuzwa, chanya mahali pa hasi, hupata moto na yaweza kupasuka. Na umeme wa nyumbani, volti 230, usiunganishwe kabisa na mchezo huu, maana mchezaji hushika waya mtupu na umeme huo huua.

Mwisho, ncha mbili za waya huvikwa utepe wa plastiki, ili pete ipate mahali pa kupumzika kimya. Kwa wanaoanza, pete ifanywe pana kama kisoda cha soda. Wakizoea na kuipitisha kila mara bila kulia, ikunjwe nyingine ndogo zaidi.