Kuhesabu Wanyama wa Katavi Kabla Mvua Haijaanza

Ukisimama kwenye daraja la Sitalike mwezi wa Septemba, chini ya kilomita 40 kutoka Mpanda mjini, utawakuta viboko wamebanana kwenye tope la Mto Katuma, mgongo kwa mgongo. Mgeni huondoka akisema Katavi imejaa viboko. Mimi nikiona msongamano wa namna hiyo, kwanza huuliza habari za maji. Mto huo hupita kwenye mabonde ya mpunga kabla ya kuingia hifadhini, na kadiri maji yanavyochepushwa mashambani, ndivyo madimbwi yanavyopungua na viboko wanavyolazimika kukusanyika. Viboko wale wale wakati wa masika huwa wametawanyika, na hapo mtu anaweza kudhani wametoweka.

Ndiyo maana sensa ya wanyamapori haitegemei macho ya mpita njia. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa baadaye, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Hakuna awezaye kumhesabu kila mnyama katika eneo hilo, kwa hiyo huhesabiwa sampuli. Katika sensa za anga, kama zile zinazofanywa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ndege ndogo huruka chini kwa mistari iliyonyooka. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa fimbo, na mhesabuji huhesabu tu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo. Tuseme kila upande unaonyesha ukanda wa mita 150, na mistari imeachana kilomita 5: hapo umeona asilimia 6 ya eneo. Ukihesabu nyati 120, makadirio yako ni nyati 2,000.

Lakini nyati hutembea kwa makundi makubwa. Mstari mmoja ukikatiza kundi, idadi inapaa; ukilipita kando kidogo, inaporomoka. Kwa hiyo kila makadirio huambatana na kiwango cha shaka, na kwangu taarifa ya sensa isiyokitaja kiwango hicho ni nusu ya taarifa. Isitoshe, tembo kwenye mbuga ya Katisunga huonekana vizuri kutoka angani, ila tohe aliyelala kwenye nyasi ndefu haonekani kabisa.

Wanyama wa namna hiyo huhesabiwa kwa miguu au kwa gari. Mtafiti hufuata mstari ulionyooka, na kila anapoona mnyama hupima pia umbali wake kutoka kwenye mstari. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo wanaoonekana wanavyopungua, kwa kuwa vichaka huwaficha. Kasi ya upungufu huo ndiyo inayosaidia kukadiria wangapi hawakuonekana.

Tim Caro wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alifanya utafiti Katavi kwa miaka mingi. Mwaka 2008 alichapisha ulinganisho wa takwimu za miaka kadhaa ulioonyesha kuwa wanyama wakubwa wa aina nyingi walikuwa wakipungua katika mfumo wa ikolojia wa Katavi na Rukwa. Hilo halionekani kwa sensa moja. Ni lazima mtu arudie njia zile zile, kwa mtindo ule ule, msimu ule ule.

Mimea nayo ina kalenda yake. Wanyama huhesabiwa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na wanyama wamesogelea maji. Nyasi, kinyume chake, hutambulika vizuri zikiwa na maua, yaani wakati wa mvua, ambapo udongo mweusi wa mbugani hunasa magari. Msitu wa miombo una afadhali. Mti hupimwa kipenyo kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na wazee wanaoujua msitu huutambua hata usipokuwa na jani. Wakichanja gome la mninga, utomvu mwekundu hutoka kama damu. Tawi lenye maua au matunda hukandamizwa kati ya magazeti hadi likauke, kisha hupelekwa kwenye hifadhi ya sampuli za mimea ili jina lithibitishwe.

Kazi hii ya mimea hupewa uzito mdogo mno kuliko hesabu ya tembo, na jambo hilo linaniuma. Korongo na palahala hula nyasi. Ukiwakuta wamepungua, na huna kumbukumbu za malisho yao ya miaka iliyopita, huwezi kujua kama wamemalizwa na majangili au wamekosa chakula, na wala hujui umpeleke nani huko kwanza, askari wa doria au mtaalamu wa nyasi.