Bei ya Mfuko na Bei ya Siku: Kuchagua Chakula Kikavu cha Mbwa wa Kazi

Chakula kikavu cha mbwa ni mchanganyiko wa nafaka, unga wa nyama au wa samaki, mafuta, madini na vitamini, ambao hupikwa na kukaushwa hadi unyevu wake ukabaki takriban asilimia 10, na kwa sababu ya ukavu huo huweza kukaa kwa miezi bila kuhitaji jokofu. Biashara yake ilianzia London karibu na mwaka 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa zilizookwa kwa unga wa nafaka, mboga na nyama. Punje zinazojulikana leo, hata hivyo, zilitokana na mtambo ulioanza kutumiwa katika kazi hiyo nchini Marekani katika miaka ya 1950, ambao husukuma kinyunga cha moto kwa shinikizo kubwa kupitia matundu madogo, kikatoka nje na kufura, kisha kikakatwa, kikakaushwa na hatimaye kikanyunyiziwa mafuta juu. Namna hiyo ya utengenezaji inaeleza mambo mawili yanayomhusu mnunuzi: kwamba karibu kila punje lazima iwe na wanga wa kuishikamanisha, hata ile inayosifiwa kuwa haina nafaka, na kwamba sehemu kubwa ya mafuta yake imo juu ya ngozi ya punje, mahali ambapo hewa huyafikia kwa urahisi.

Wanga huo si kasoro. Utafiti wa wanasayansi wa Sweden uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, wana nakala nyingi za jeni inayohusika na kumeng'enya wanga, jambo linaloashiria kwamba wamezoea masalio ya chakula cha wakulima tangu enzi za kale. Kwa hiyo mahindi au mchele kuonekana katika orodha ya viambato si sababu ya kuukataa mfuko, na swali linalofaa kuulizwa ni lingine: chakula hicho kinampa mbwa nishati kiasi gani, na nishati hiyo inagharimu shilingi ngapi kwa siku?

Nishati hupimwa kwa kilokalori, na wataalamu wa lishe ya wanyama hukadiria mahitaji ya mbwa aliyetulia kwa kuupandisha uzito wake wa kilo kwenye kipeo cha 0.75 na kuzidisha jibu kwa 70. Mbwa wa kilo 20 hupata kwa hesabu hiyo takriban kilokalori 660. Akiwa mbwa wa kawaida wa nyumbani hukadiriwa kuhitaji mara 1.6 ya kiasi hicho, yaani kama 1,060, na akifanya kazi ya kukimbia kwa saa kadhaa huhitaji mara mbili au zaidi. Mfano uliokithiri ni wa mbwa wanaovuta sleji katika mashindano ya Iditarod huko Alaska, ya umbali wa takriban kilomita 1,600 penye theluji, ambao kila mmoja huweza kutumia kilokalori 10,000 kwa siku. Ni vyema kusema wazi kwamba mbwa wengi wa ulinzi mijini hawamo katika kundi hili, kwa sababu mbwa anayefungwa kutwa na kuzunguka ua usiku anafanya kazi ya kukesha zaidi kuliko ya misuli, na kumlisha kama anayefuata nyayo za majangili mbugani ni kumnenepesha bure. Mbwa wa kazi ni yule anayekimbia, kusaka, kuchunga au kufanya mazoezi mazito karibu kila siku.

Kwa mbwa wa namna hiyo, mafuta ndiyo kuni za safari. Katika chakula kikavu gramu moja ya protini au ya wanga hukadiriwa kutoa kilokalori 3.5, ilhali gramu ya mafuta hutoa 8.5, na misuli ya mbwa anayekimbia kwa muda mrefu huyatumia mafuta hayo kwa ustadi mkubwa. Makadirio hayo humwezesha mtu yeyote kulinganisha mifuko miwili kwa kalamu na karatasi. Tuseme mfuko wa kwanza wa kilo 20 umeandikwa protini asilimia 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 5, unyevu 10 na majivu 9, majivu yakiwa ni madini yanayobaki chakula kikiunguzwa. Kinachosalia hadi kutimia mia, yaani 52, ni wanga, na jumla ya nishati ni kilokalori 296 kwa kila gramu 100. Mfuko wa pili wenye protini 26, mafuta 16, nyuzinyuzi 3, unyevu 10 na majivu 7 hubakiza wanga 38 na kutoa kilokalori 360. Mbwa anayehitaji kilokalori 1,320 kwa siku ataumaliza mfuko wa kwanza kwa siku 44 hivi, na wa pili kwa siku 54. Kama wa kwanza unauzwa shilingi 3,000 na wa pili 3,500, kwa mfano wa hesabu tu, basi ule unaoonekana ghali ndio rahisi, kwa kuwa gharama yake ya siku ni kama shilingi 64 dhidi ya 67, na zaidi ya hapo mbwa atakula kidogo na kinyesi kitapungua. Bei ya mfuko wa pili ikizidi ya wa kwanza kwa zaidi ya asilimia 21 hivi, hesabu ya nishati hugeuka, na hapo mnunuzi hupima kama protini na mafuta ya ziada yanastahili nyongeza hiyo.

Protini nayo ina kiwango cha chini, ambacho katika vipimo vya Marekani ni asilimia 18 ya chakula kisicho na maji kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, na mfuko ufaao huandikwa kuwa ni chakula kamili, maana yake mbwa anaweza kuishi kwa hicho peke yake. Viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, hivyo nyama mbichi, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huweza kutajwa mwanzoni ilhali inachangia kidogo kuliko unga wa nyama uliotajwa baadaye.

Jambo linalostahili hofu ya kweli ni kuvu. Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu ambayo haiishi kwa kupikwa na ambayo huharibu ini. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mwishoni mwa mwaka 2005 iliua mbwa wengi nchini Marekani kupitia chakula kikavu cha kiwandani. Chakula cha kupima kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, ambacho huwavutia wanunuzi wenye fedha kidogo, hakina tarehe wala mtengenezaji, na katika joto na unyevu wa pwani mafuta yaliyo juu ya punje huchacha upesi. Kwa wenye mbwa watatu wanne, mfuko mkubwa uliofungwa ni nafuu. Kwa mwenye mmoja, mfuko unaoisha ndani ya mwezi mmoja au miezi miwili hivi, ukikunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kibao mahali pakavu, ni salama zaidi.

Kuchanganya chakula kamili na ugali mwingi, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, hupunguza gharama kwa macho tu, kwani protini na madini hupungua pamoja nayo. Nyongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, kiasi ambacho kwa mbwa aliyetajwa hapo juu ni sawa na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, nayo ni njia rahisi kuliko zote ya kukiongezea nguvu chakula hafifu. Dagaa wachache pia hufaa; kitunguu hakifai kabisa, kwa kuwa huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Chakula kipya huingizwa polepole kwa muda wa wiki moja, na mlo mkubwa hutolewa baada ya kazi, mbwa akiwa ameshapumzika, kwa sababu tumbo lililojaa katika mbwa mwenye kifua kirefu linaweza kujipinda na kumuua. Kipimo kilichochapishwa mfukoni ni mwanzo tu. Kila baada ya wiki mbili mwenye mbwa hupitisha viganja ubavuni: mbavu zikihisiwa kirahisi chini ya ngozi bila kuchomoza, kiasi kinatosha, zikifichwa na mafuta, au kazi ikisimama kwa sababu ya mvua au jeraha, chakula hupunguzwa siku hiyohiyo.