Pembe za Ndama wa Nyumbu: Hesabu ya Kugeuza Maumbo katika Kompyuta

Kila mwaka, baina ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu hufika kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti na kuvuka Mto Mara, pande za Kogatende na Lamai, katika Wilaya za Serengeti na Tarime. Wamo ndani yake ndama waliozaliwa miezi michache iliyopita katika mbuga za kusini. Ndama wa nyumbu huzaliwa hana pembe. Kwanza huchomoza vijiti viwili vilivyonyooka. Baadaye pembe hupinda kwenda nje, kisha juu, hata zikafanana na za wazazi wake.

Tuseme mwanafunzi wa Mugumu anataka kumwumba ndama huyo katika kompyuta, kisha amkuze mbele ya mtazamaji. Je, atalazimika kumchora upya kila hatua? La. Atatumia njia ambayo hapa tutaiita mgeuzo wa umbo, na hesabu yake haizidi ile inayofundishwa sekondari.

Wavu wa nukta

Mnyama wa kompyuta ni wavu wa nukta zilizounganishwa kwa mistari, na kila nukta ina jira zake. Mchoraji huunda umbo la msingi, A, halafu huchukua nakala yake na kuzisogeza nukta mpaka apate umbo la pili, B. Idadi ya nukta haibadiliki, wala mpangilio wake. Kompyuta hutoa jira za A katika jira za B, na tofauti hiyo ndiyo mgeuzo wenyewe. Umbo lolote la kati hupatikana hivi:

N = A + k(B − A)

Hapa k ni kipimo cha kuanzia 0 hadi 1. Kikiwa 0 tunaona A, na kikiwa 1 tunaona B.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1917 D'Arcy Thompson, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Uskoti, alichora samaki juu ya miraba, akaipinda miraba hiyo kwa utaratibu, na samaki wa jamii nyingine akatokea. Mwaka 1972 Frederic Parke wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aliufanya uso wa mtu ubadili sura katika kompyuta kwa njia ya nukta tuliyoieleza.

Kasoro ya mstari ulionyooka

Sasa tuirudie pembe yetu. Chukua karatasi ya miraba. Shina la pembe liwe (0, 0), na ncha ya pembe iliyosimama iwe (0, 10). Katika umbo la pili pembe imelala upande, ncha yake ikiwa (10, 0). Urefu tumeuacha ule ule, 10, ili kasoro ionekane peke yake.

Weka k = 0.5. Ncha itakuwa (5, 5). Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu wa pembe ni kipeuo cha pili cha 50, yaani 7.1 hivi. Pembe imepungua karibu vipimo 3 kati ya 10! Sababu ni kwamba hesabu yetu husogeza kila nukta katika mstari ulionyooka, hali pembe inayolala hupita katika tao.

Dawa yake ni kuongeza sahihisho. Katikati ya safari ncha ingepaswa kuwa (7.1, 7.1), kwa hiyo imepungukiwa na (2.1, 2.1). Sahihisho hilo huzidishwa kwa 4k(1 − k), ambayo ni sifuri mwanzoni na mwishoni, na ni 1 katikati. Jaribu k = 0.25, na urefu utakaribia sana 10.

Tundu halipatikani kwa kusogeza

Mgeuzo una mpaka wake. Wakuria wa Tarime walikuwa na desturi ya kutoboa ndewe, yaani sehemu ya chini ya sikio, na kuitanua hata ikaning'inia. Ukitaka kumwonyesha mzee wa namna hiyo kwa kutumia umbo la mtu lisilo na tundu sikioni, utashindwa. Nukta husogea tu, hazitoboi. Hapana budi tundu liwekwe katika umbo la msingi tangu mwanzo, likiwa limefumbwa, ndipo mgeuzo ulifumbue. Vivyo hivyo, paji la ndama lazima liwe na nukta za kutosha, zilizokunjwa pamoja, zikingoja kuinuka kuwa pembe.

Nani aliyepimwa?

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sana. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, walitoa umbo la mwili wa binadamu liitwalo SMPL, ambalo limetumiwa sana. Migeuzo yake ya maumbile ilitokana na vipimo vya watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2017 Silvia Zuffi na wenzake walitoa umbo la wanyama wa miguu minne lililotokana na vipimo vya sanamu 41 za kuchezea. Mwaka 2019 walisonga mbele, wakajifunza umbo la punda milia wa Grevy kutoka katika picha za wanyama hai.

Kompyuta haiwezi kubuni tofauti ambayo haikupewa. Ndewe la mzee wa Tarime na pembe ya ndama wa Lamai hazitapatikana katika maumbo yaliyo tayari mpaka mtu aziangalie, azipime, na kuziumba. Programu ya Blender, inayotolewa bure pamoja na msimbo wake tangu 2002, ina chombo cha kazi hiyo. Hata shule isiyo na kompyuta yaweza kuanza: karatasi ya miraba, penseli, na picha ya ndama na ya nyumbu mzima zinatosha. Wanafunzi watie nukta kumi juu ya kila pembe, watoe jira za moja katika za nyingine, wachore umbo la kati, kisha walilinganishe na pembe ya ndama wa umri wa kati. Pale zitakapotofautiana ndipo sahihisho lao litakapoanzia.