Shinikizo la Damu na Kisukari: Maradhi Yasiyobisha Hodi

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kigali, mabenchi ya hospitali huwa yamekwisha kujaa. Si wote waliokuja kwa homa au kwa kuvunjika mguu. Wamo waliokuja kuchukua vidonge vya mwezi mzima, na wamo walioletwa na jamaa zao baada ya upande mmoja wa mwili kupooza ghafla. Ukiwauliza hawa wa mwisho, aghalabu watajibu: "Nilikuwa mzima, sikuumwa kitu."

Hapo ndipo ilipo hila ya maradhi haya. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo kuumiza. Kisukari nacho huanza polepole: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kidonda kisichopona. Mwenyewe hudhani ni kazi nyingi au uzee. Wakati huo huo mishipa, moyo, figo na macho vinaharibika kimya kimya.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa Rwanda mwaka 2012 na 2013 ulionyesha kuwa kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wapatao 15 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wapatao 3 walikuwa na kisukari. Kwa hiyo haya si maradhi ya matajiri peke yao, kama wengine wanavyodhani.

Yapo mambo mawili ambayo binadamu hana uwezo nayo: umri na ukoo. Mtu aliyezaliwa na mzazi mwenye kisukari au presha hana budi kujihadhari mapema. Lakini mengi yaliyobaki yamo mikononi mwetu, na mengine yamo jikoni mwetu.

La kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vilivyotengenezwa viwandani. Mpishi atiaye vipande vya kukoleza mchuzi katika isombe, kisha akaongeza chumvi, ametia chumvi mara mbili. Nyanya, vitunguu na pilipili vyatosha kuleta ladha.

La pili ni uzito wa mwili na vinywaji vyenye sukari. Sahani ya viazi, wali na ugali kwa pamoja ni wanga juu ya wanga. Afadhali kuchagua kimoja, na nafasi iliyobaki ijazwe maharage na mboga za majani. Soda isiwe ndiyo heshima pekee ya mgeni.

La tatu ni tumbaku na pombe, iwe ya chupa au urwagwa wa nyumbani. La nne ni moshi. Kuni na makaa katika jiko lisilo na dirisha hudhuru mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Yafaa kupikia nje au kufungua mlango na dirisha.

La tano ni kukaa tu. Wazee wetu walipanda vilima hivi kwa miguu; leo pikipiki hutufikisha mlangoni. Tangu mwaka 2016 Jiji la Kigali limekuwa na Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia, na huko wauguzi huwapima watu shinikizo la damu na sukari. Nafasi hiyo isipotee.

Kipimo cha shinikizo kikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, hapana budi kumwona mganga. Vivyo hivyo sukari ikifika miligramu 126 kwa desilita kabla ya kula.

Msomaji, kosa linalowaangamiza wengi ni kuacha dawa punde wajisikiapo nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe. Zikiachwa, shinikizo hurudi, na safari hii huenda likaja na kiharusi. Baba akipooza, ada ya shule hukosekana. Mama akipooza, nyumba nzima husimama. Basi tukumbushane vidonge kama tukumbushanavyo kufunga mlango usiku. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwani kidonda kidogo kisichoonekana chaweza kumpotezea mguu.

Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.