Asili ya Neno "Mji"

Mtu wa Ng'ambo, akivuka barabara iliyokuwa zamani mkono wa bahari, husema, "Naenda mjini," ingawa nyumba yake nayo imo mjini Unguja. Kwake mji hasa ni ule wa mawe, Mji Mkongwe, ulioandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Basi mwalimu wa pwani hudhani kwamba mji ni mahali penye nyumba nyingi na soko. Na mwanafunzi wa bara aandikapo "mji wetu" kwa maana ya makao ya baba yake, hupigiwa mstari mwekundu.

Lakini tuwasikilize jamaa zetu wa Kibantu. Washambaa husema mzi, Wagiriama na Wanyanja mudzi, Wazulu umuzi, Wakikuyu mũciĩ. Neno ni moja, wala hawakuliazima kwetu, maana kila lugha hulitamka kwa kanuni ya sauti zake. Kwa Wazulu ni makao ya mtu pamoja na wake zake na watoto wake. Kwa Wakikuyu ni nyumbani. Kwa Wanyanja ni kijiji. Soko halimo. Yule mwanafunzi, basi, ameshika maana iliyo ya kale kuliko yetu. Yatosha kumwambia kwamba hapa twasema "kwetu".

Hata Kiswahili chenyewe chashuhudia. Kijiji ni "mji" uliofanywa mdogo, na silabi ji imeongezwa kwa sababu shina ni fupi mno, kama mto na kijito. Na mwenyeji ni mwenye mji. Neno hili lina uzito: katika miji ya Wahadimu, kusini ya Unguja, wenyeji walikuwa watu wa koo zenye haki ya ardhi, na mgeni hakulima pasipo idhini yao. Kujenga nyumba peke yake hakukumfanya mtu mwenyeji.

Tena twasema mji wa mimba, ndipo mtoto akaapo kabla ya kuzaliwa. Nionavyo mimi, maana ya makao ya jamaa yaonekana hapo kuliko katika mitaa ya mawe. Nao wanawake wanunuapo kanga hutazama pindo, jina, na mji, yaani sehemu ya kati, iliyozungukwa pande zote kama nyumba ndani ya ua.