Afande, Usitie Kitunguu Sikioni

Swali huja hivi: "Dokta, nimestaafu jeshi, nataka kurudi kwenye muziki, lakini masikio yanapiga mluzi. Nitie mafuta gani?" Wengine wameshatia kabla ya kuuliza, wanataka tu nithibitishe kama ni habasoda au nazi, matone matatu au matano. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Jibu ni kwamba hakuna.

Na hamu ya muziki sina ugomvi nayo hata kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliokuwa kwenye kikosi cha burudani cha KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, walirudi uraiani wakaunda Rhino Boys, na Fundi Konde naye alipitia kikosi hicho hicho. Mwenge Jazz ni ya JWTZ, Kimulimuli ni ya JKT. Anayestaafu leo baada ya miaka kwenye bendi ya tarumbeta anasoma nota na anafika mazoezini saa aliyoambiwa, sifa ambayo bendi nyingi za mjini zinaitafuta kwa tochi. Tatizo lake ni masikio, na masikio hayo anayatibu kwa vitu vya jikoni.

Hebu tuyafuate mafuta yanakokwenda. Njia ya sikio ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na mwisho wake ni kiwambo. Kiwambo kizima hakipitishi mafuta, kama ambavyo hakipitishi maji unapooga. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, kisha koklea, iliyofukiwa ndani ya mfupa mgumu kuliko karibu yote mwilini. Humo ndimo zimo seli zenye vinywele, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, zinazogeuza mtetemo kuwa habari kwa ubongo. Bunduki ya kivita huzidi desibeli 150 sikioni mwa mpigaji, na mshindo huo ndio unaoziua seli hizo. Zikifa hazioti tena. Kwa kuku huota upya, kwa binadamu hapana. Kwa hiyo hata kama mafuta yangepenya mpaka huko, yasingekuta cha kutibu.

Kama huniamini, tazama karatasi ya kipimo. Usikivu ulioharibiwa na milipuko huchora shimo karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Kwa anayelenga na bega la kulia, sikio la kushoto mara nyingi ndilo bovu zaidi, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, na la kulia linakingwa na kichwa. Mara nyingi nakisia bega la mtu kabla hajaniambia. Nta haichori hivyo, wala "upepo ulioingia sikioni".

"Lakini jirani yangu alipona." Jirani yako alikuwa na nta. Mafuta huilainisha, ikatoka, akasikia, akatangaza mtaa mzima. Au masikio yalikuwa yameduwaa kwa muda baada ya kelele za usiku mmoja, jambo ambalo aghalabu hutulia lenyewe kwa saa kadhaa au siku chache, mafuta yawepo yasiwepo. Na mluzi una tabia ya kupanda na kushuka: mtu hutafuta dawa siku umepanda, ukishuka dawa inapata sifa. Mganga gani atakataa sifa ya bure?

Ningenyamaza kama mafuta yangekuwa hayadhuru. Aliyewahi kuwa karibu na mlipuko anaweza kuwa na kiwambo kilichotoboka bila kujua, na hapo mafuta yanapita moja kwa moja hadi sikio la kati, yakibeba uchafu wa njiani. Kitunguu saumu ni kibaya zaidi. Mpiga saksafoni mmoja mstaafu alikuja ameziba sikio kwa pamba, nyuma ya pamba kuna punje nzima iliyomenywa, na ngozi ya ndani imeungua, nyekundu, inatoa maji. Niliitoa kwa koleo dogo huku ameng'ang'ania kiti. Mluzi wake ulikuwa pale pale.

Sasa muziki. Noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo kama 4,186 kwa sekunde. Nyuzi za gitaa zikiwa wazi ni kati ya 82 na 330. Maana yake, kwenye hasara ya aina hii mara nyingi sikio la kutambua noti lipo. Kilichopungua ni mng'ao: matoazi, na herufi kama s na f kwenye maneno ya mwimbaji. Ndiyo maana afande anamwamuru fundi mitambo aongeze trebo mpaka wateja wa meza za mbele wanahama. Fundi anaogopa kukataa. Mpe ruhusa akatae.

Pia achana na ile hadithi kwamba masikio ya askari yamekomaa. Sikio halikomai kwa kelele. Desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane. Kila tatu zinapoongezeka, muda unakatwa nusu, na kwenye 100, ambazo ukumbi wa dansi unazifikia bila shida, una robo saa.

Kwa hiyo: pima usikivu kabla kiinua mgongo hakijaishia kwenye vyombo. Nunua vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vya sponji hula sauti za juu. Kaa mbali na matoazi, na spika yako ielekee kwako isimame karibu, ili usilazimike kuifungulia sana. Besi, kupanga sauti, kufundisha kwaya na matarumbeta ni kazi nzuri kwa sikio lililopoteza sauti za juu. Usiku mluzi ukisumbua, washa feni au redio ya chini, usilale kwenye kimya kitupu. Sikio likizima ghafla, njoo siku hiyo hiyo au kesho yake. Kuna dawa zinazoweza kusaidia zikiwahi. Kifaa cha kupandikizwa, kinachowekwa Muhimbili tangu 2017, si chako: ni cha mtu ambaye shimesikio haimsaidii tena. Wewe huenda ukahitaji shimesikio ya kawaida, na ukipewa, dai iwekewe mpangilio wa muziki, maana ule wa mazungumzo huidhania filimbi kuwa hitilafu na kuikata. Siku ya kuirekebisha njoo na chombo chako, hata kama ni tarumbeta. Nitakuomba upige humo humo chumbani. Majirani wa kliniki wameshanizoea.