Mzazi Mzee Anapokataa Kutunzwa: Je, Twende Mahakamani?

Katika familia nyingi za Mbulu na Hanang kuna swali linalosumbua: "Baba amezeeka, anasahau, anakataa hospitali, anakataa pia kuhamia kwa mtoto wake. Je, tunaweza kuomba mahakama itupe mamlaka juu yake?"

Jibu ni kwamba sheria inaruhusu, lakini kwa mtu ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuamua. Haimhusu mzazi mwenye akili timamu ambaye hakubaliani na watoto wake. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria mahakama, familia haina budi kujua kwanza kwa nini mzee anakataa.

KWA NINI ANAKATAA?

Mzee aliyelima shamba lake na kutunza ng'ombe wake maisha yake yote haoni vema kupangiwa mambo na mtoto aliyemzaa. Wengine wanaogopa kwamba wakitoka nyumbani, shamba litagawanywa. Wengine walimwona mwenzao akipelekwa hospitali asirudi. Wako pia wanaoona haya kusema kwamba mkojo unawatoka. Hofu za namna hii haziondolewi kwa amri. Zinataka mazungumzo ya utulivu, tena na mtu ambaye mzee anamwamini: dada yake, rafiki wa rika lake, katekista au padre.

Sababu nyingine ni za mwili. Mtoto wa jicho humfanya mtu aogope safari. Asiyesikia vizuri hudhani anasengenywa. Aliyefiwa na mwenzi wake anaweza kuzama katika huzuni hadi akakataa chakula. Haya yote yanaweza kutibiwa au kupunguzwa, na mara nyingi mzee akipata nafuu, ubishi nao hupungua.

TOFAUTISHENI MAMBO MAWILI

La kwanza ni akili kuvurugika ghafla, kwa muda wa saa chache au siku mbili tatu. Hiyo ni dharura. Huweza kuletwa na malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kuishiwa maji mwilini, sukari kupanda au kushuka, dawa fulani, au damu kuvuja ndani ya kichwa baada ya kuanguka. Msingoje kikao cha ukoo. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Wengi hurudiwa na akili zao baada ya kutibiwa.

La pili ni ugonjwa wa kusahau, ambao waganga huuita dimenshia. Huu huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee hurudia swali lile lile, husahau chungu motoni, hupotea katika njia aliyoizoea, au huwashutumu watoto kwamba wamemwibia. Utafiti uliofanyika mwaka 2009 na 2010 katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kuwa takribani 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Basi si laana wala uchawi, na asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole bibi kizee kwa sababu anaongea peke yake usiku. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, lakini matunzo mazuri humpunguzia mgonjwa taabu.

JE, BADO ANAWEZA KUAMUA?

Hata mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuamua mambo kadhaa. Jiulizeni: Je, anaelewa anachoambiwa kwa lugha yake mwenyewe, iwe Kiiraqw, Kibarbaig au Kiswahili? Je, anakikumbuka kwa muda wa kutosha kukifikiria? Je, anaweza kupima faida na hasara? Je, anaweza kutueleza uamuzi wake?

Tuchukue mfano wa mama mjane huko Hanang, mwenye shinikizo la damu, anayekataa kwenda kuishi kwa mwanae Arusha. Akisema, "Najua naweza kuanguka nikiwa peke yangu, lakini nataka kukaa karibu na kaburi la mume wangu na jumuiya yangu," huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Kazi ya watoto ni kupunguza hatari: mjukuu alale naye, njia ya chooni iwe na taa, na jirani wa jumuiya ndogo ndogo ampitie kila asubuhi na kuona kama amemeza dawa. Lakini akisema kwamba hahitaji mtu kwa sababu mumewe, aliyekwisha kufa, atarudi jioni na ng'ombe, hapo uwezo wake wa kuamua una mashaka, na ni wakati wa kumwona daktari.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaipa mahakama uwezo wa kuchunguza hali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili, na kumteua mlezi wake na msimamizi wa mali yake. Msichanganye jambo hili na usimamizi wa mirathi. Msimamizi wa mirathi huteuliwa kwa mali ya mtu aliyekwisha kufa. Mzazi wenu yu hai, na mali ni yake bado.

Fuateni hatua hizi:

1. Mpelekeni kwa daktari, apimwe na aandikiwe taarifa. Ziko hospitali za Mbulu na Katesh, hospitali ya Haydom, na ile ya jimbo letu, Dareda. Ulizeni dirisha la wazee.

2. Kaeni kikao cha familia nzima, pamoja na mabinti walioolewa mbali. Mzee mwenyewe awepo na asikilizwe. Andikeni muhtasari na majina ya waliohudhuria.

3. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

4. Ikibidi, pelekeni ombi mahakamani. Asiye na fedha za wakili aulizie wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Anayeteuliwa si mrithi. Ni mtunzaji anayetakiwa kutoa hesabu. Aandike idadi ya mashamba na mifugo, pamoja na ng'ombe ambao mzee aliwaweka kwa marafiki na wale wa watu wengine walio zizini mwake. Fedha zitumike kwa chakula, dawa na mahitaji ya mzee. Kabla ya kuuza shamba, aombe ruhusa ya mahakama. Na mtu yeyote asimshike mzee mkono ili aweke dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Mkataba wa mtu asiyeelewa anachokubali hauna nguvu kisheria, tena ni wizi mbele ya Mungu.

Wazazi ambao bado mna akili timamu, msingoje. Waiteni watoto, waambieni mnapenda kutunzwa wapi na nani, na andikeni wosia.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinatuagiza kumvumilia mzazi hata akili zake zinapopungua. Amri ya mahakama inaweza kulinda shamba, lakini uji, maji ya kuoga na mtu wa kukaa naye jioni vitatoka kwenu. Pangeni zamu tangu sasa, ili mzigo wote usimwangukie binti mmoja au mkwe mmoja.